Ramani Safi

Mimi uchafu siuwezi. Hata hapa dukani, tunapochapa na kutoa fotokopi, mashine naipangusa kabla sijanywa chai. Kwa hiyo mkuu wa askari wa hifadhi alipotuletea ramani yake ya mbuga, imekunjwa mpaka imechoka, ina madoa ya mafuta na mistari ya kalamu nyekundu, nilifanya lililo langu. Nikaiskani, nikakaa kwenye kompyuta siku mbili, nikafuta kila kitu kilichoichafua. Ikatoka mpya kabisa. Nakala ya kwanza nikampa dada yangu mkubwa, aliyehangaika wiki nzima kutafuta ramani ya kuaminika. Ile ya kwenye simu ilimpitishia barabara katikati ya ziwa.

Leo alfajiri kaondoka kwenda mbugani na watoto wake wawili. Saa nne mkuu akaja kuchukua nakala zake.

Akaitazama ramani. Akaigeuza. Akaitazama tena.

"Binti, ile alama nyekundu hapa mtoni iko wapi?"

"Ile ya kalamu? Nimeisafisha, mzee."

"Umeisafisha?" Akavua kofia. "Daraja limesombwa na mafuriko! Ndiyo maana nilipiga mstari pale. Ukishaikata ile kona, breki haikusaidii tena."

Nikampigia dada, hapatikani. Nikapiga tena. Mkuu naye akapiga getini, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikatoka barabarani, nikarudi, nikaketi, nikasimama. Mteja akataka nakala mbili za kitambulisho, nikamtolea kumi. Nilijichukia. Nani alinituma kujifanya fundi wa kila kitu?

Saa sita kasorobo simu ikaita. Dada!

"Uko wapi? Usishuke mtoni!"

"Mto gani tena? Tuko kwenye twiga huku, wanao wamepagawa. Mbona unahema?"

Nikamweleza, machozi yananitoka mbele ya wateja. Akacheka, cheko lake lile linalonikera tangu utotoni.

"We naye! Ramani yako wala sikuifungua. Nakujua, ukiona doa huulizi, unafuta. Nimemwomba askari wa getini anichoree njia ya huku kwenye karatasi."

Siku nyingine ningenuna. Leo nilimshukuru Mungu kwamba dada yangu haniamini. Mkuu alikuwa amesogea karibu, akashusha pumzi ndefu.

"Basi hiyo ramani yangu ichane, dada," nikasema. "Ichane sasa hivi."

"Nitaichanaje na sinayo? Nimempa mama mmoja pale getini. Gari limejaa watoto, hana ramani hata moja. Nikamwambia achukue, ni ya uhakika, kaitengeneza mdogo wangu."

"Wakaelekea wapi?"

Cheko lote lilikuwa limemwisha.

"Mtoni," akasema. "Watoto walitaka kuona viboko."