Aliyeingia Saa Saba

Sadiyo, anayeuza chai ukuta mmoja na sisi hapa Kakuma, anasema alisikia mtu akipiga chapa ndani ya duka letu la kompyuta saa ya swala, na kufuli liko nje.

"Walahi, Akuwam. Ta-ta-ta, halafu kimya. Kama mtu anayefikiria la kuandika."

"Ni panya, dada."

"Basi ni panya aliyesoma."

Nilicheka. Lakini ilikuwa wiki ileile Gervais, Mrundi wa Kalobeyei, alipomshawishi Istahil mwenye duka tutoe Windows kwenye kompyuta yetu tuweke mfumo wa bure, Linux.

"Hii imetengenezwa na watu wengi, haifichi kitu," alisema Gervais. "Kila anayeingia, inaandika jina lake na saa."

"Kumbe ni kama shangazi yangu," Istahil akamjibu.

Gervais alifuta kila kitu, akamfungulia kila mmoja wetu jina lake la kuingilia. Nikamwomba afungue na la kaka yangu Lomuria, aliyepanda lori kuvuka mpaka wa Nadapal kwenda Sudan Kusini miaka miwili iliyopita na hatujamsikia tena. Gervais akageuza uso, nikaandika neno la siri: jina la mbuzi tuliyemlea tukiwa wadogo. Sikumwambia mtu.

Baada ya maneno ya Sadiyo nilifungua orodha ya walioingia, jinsi Gervais alivyonifundisha. Lomuria, saa saba na dakika kumi. Na jana yake, saa saba na dakika kumi.

Nikamwita Gervais. Hata mtandao hatujaunganishwa, mtu aingie kutoka mbali. Aliangalia mara tatu.

"Labda saa ya mashine imekosea," alisema. Lakini hakugusa kibodi, na chai yake aliiacha.

Leo Ijumaa asubuhi mama alipiga simu kutoka Lodwar.

"Kesho baba yako mdogo anagawa mbuzi wa Lomuria. Wanasema amekufa. Wewe uko huko kwenye barabara ya malori, Akuwam. Hujasikia neno? Nikipata neno moja nitawazuia."

"Ningoje hadi mchana, mama."

Istahil alipokwenda msikitini nikamwomba nibaki ndani.

"Baki. Ukiona jini, mwambie tumefunga."

Nikakaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Saa saba ikapita. Feni ya mashine ikaanza kuzunguka kwa nguvu, kisha ikatulia. Nikafungua orodha. Majina yalikuwa mawili, langu na la Lomuria. Pale pa kuandika saa ya kutoka, mbele ya jina lake, paliandikwa: bado yumo.

Niligeuka. Kulikuwa na ukuta tu, na mwanga wa jua chini ya mlango.

Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika: "Kaka, ni mimi Akuwam. Kesho wanagawa mbuzi wako. Andika neno moja tu nimpelekee mama."

Nikaondoa mikono, nikasogea pembeni apate nafasi. Kile kistari cha kuandikia kiliwaka, kikazima, kikawaka palepale. Mama akapiga; nikaiacha simu iite mpaka ikakata.