Fundo la Bega la Kushoto

"Kioo chochote nitakachokichora nikakosea, nitakilamba mpaka king'are!" Aminieli aliwatangazia watu waliosimama mbele ya duka la Kassimu, brashi ikiwa nyuma ya sikio kama kalamu ya karani wa reli.

Kassimu, ambaye alikuwa hathubutu hata kukipigia chafya kioo chake tangu kiliposhushwa kwenye treni ya Tanga, alimjibu kwa upole.

"Usilambe, mdogo wangu, utaniharibia wateja. Ukikosea, futa tu."

Wakakubaliana hivyo, mashahidi wakiwa mji mzima wa Same.

Kijana alikuwa na sababu ya kujigamba. Kioo cha duka huchorwa kwa ndani, vumbi lisiile rangi, lakini anayepaswa kuona sawa ni mtu wa nje. Kwa hiyo herufi huandikwa kinyumenyume, na sura nayo huanzia mwisho: mboni kwanza, weupe wa jicho baadaye, ngozi baada ya yote. KANGA MPYA aliiandika akitokea mkiani huku akipiga mluzi. Kisha akaanza kumchora mwanamke wa kuivaa, na mluzi ukakatika wenyewe. Mboni mbili zilimtazama kutoka kwenye kioo kitupu, kabla hazijapata uso.

"Nani huyu?" Kassimu aliuliza, kazi ilipokwisha.

"Bibi mmoja wa Dar es Salaam. Nimemtoa kichwani."

"Mbona ananitazama kama nimechelewa kula?"

"Ndivyo walivyo wa mjini."

Jumamosi lori la kutoka Gonja lilimteremsha Mzee Sefania, baba yake Aminieli, aliyekuja kuiona hiyo kazi iliyomnyang'anya mwana mlimani. Ilikuwa miaka mitatu tangu wamzike mama, na katika miaka hiyo mzee hakulitaja jina lake hata mara moja. Mama hakuwahi kupigwa picha. Uso wake ulikuwa ukimponyoka Aminieli kidogo kidogo: mwaka juzi masikio, mwaka jana kidevu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee aliitikia bila kumtazama. Alikuwa amevua kofia mbele ya kioo.

Akasimama hivyo mpaka watu wakaanza kukusanyika.

"Fundo," alisema hatimaye.

"Fundo gani, baba?"

"La kanga. Mama yako alifunga bega la kushoto. La kulia lilikuwa la jembe."

Aminieli akatazama: fundo lilikuwa bega la kulia. Herufi zote alizigeuza barabara. Mama peke yake alimchora kama alivyomkumbuka, moja kwa moja, akasahau kabisa kwamba kati yao kulikuwa na kioo.

"Kumbe amekosea!" mtu alipaza sauti. "Alambe!"

Vicheko vikalipuka. Kassimu akatoka na kitambaa mkononi, maana makubaliano ni makubaliano. Aminieli akajibandika mbele ya kioo, mikono nyuma, kama mtoto anayeficha alichokivunja.

"Mwenye duka," Mzee Sefania alisema, "una kioo cha kujitazamia humo ndani?"

Kassimu akaleta kile ambacho wateja hujipimia kanga. Mzee akaupa mgongo uso wa duka, akakiinua juu ya bega lake, akakisogeza polepole, mpaka mkono ukatulia. Humo, fundo lilikuwa limehamia kushoto.

"Eliwaza," alimwita taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

"Mimi sijaona kosa," Kassimu aliwaambia watu kwa ukali. "Nani ameona kosa?"

Aminieli akageukia ukutani, akapitisha mkono wa shati machoni, harakaharaka.

"Tapentaini hii ya kuchanganyia rangi," alisema. "Inawasha sana."

"Chupa uliimaliza Alhamisi," Kassimu alimnong'oneza, akamtilia kile kitambaa kiganjani.