Kivuli cha Birane

Yacine alikuwa akigongomea blanketi la pili kwenye dirisha la chumba chake huko Pikine. La kwanza lilikuwa limetoboka, na kwa ngozi ya bintiye Dieynaba, tundu la sindano ni jua tosha. Mtoto alizaliwa na ugonjwa adimu: jua likimgusa ngozi huiva, kisha huota vidonda visivyopona. Dawa yake ya kupaka ilikuwa imezuiwa bandarini, eti ni kipodozi.

Ndipo akaingia Birane, bingwa wa mieleka, amekuja kujionyesha mfadhili wa mtoto, pamoja na wapiga picha na wapiga ngoma wake, kifuani fulana yenye sura ya Dieynaba. Ngoma ilipopamba moto akajigamba, kama ilivyo ada ya wanamieleka:

"Jua likimtaka Dieynaba, lipitie kwangu kwanza!"

Majigambo ya mbele ya ngoma hayarudishwi, lakini Birane alikuwa ameyazoea mno hata hakuyapima. Alipoondoka, kivuli chake kilibaki mkekani. Yacine akamkimbilia.

"Kaka Birane, umesahau kivuli!"

"Kiache, dada. Nishasema mbele ya ngoma, nitakidaije?"

Kesho yake Dieynaba alikwenda kununua mkate mchana kweupe, kivuli kikimfunika gubigubi.

"We Dieynaba, unatembea na usiku wako!" watoto wakamtania.

Yacine alilia kwa furaha, kisha akarudi kupepeta mtama.

Birane naye akaota malengelenge mabegani, akakonda. Kambi ya mpinzani wake ililalamika kwamba hana kivuli. Waamuzi wakasema kanuni hazidai kivuli. Akaingia uwanjani, akaangushwa.

Yacine akampeleka mtoto ofisi ya forodha bandarini kuulizia dawa iliyozuiwa. Bwana mkubwa aliwatazama.

"Mama, mwanao ana kivuli. Dawa ya nini tena?"

"Na watoto wengine?"

"Kila mmoja atafute mwanamieleka wake."

Nje alikuwa akingoja Khady, ambaye mwanawe Modou ana ugonjwa uleule. Alikuwa amemfunika kwa shuka.

"Shoga, mpishe na huyu kivulini kidogo, mpaka kwenye basi tu."

Modou akaingia. Kivuli kilijitanua, lakini kilikuwa kimekonda pamoja na Birane mwenyewe, na bega la Dieynaba likatokeza juani. Yacine alimpenda Modou, kwa haki ya Mungu alimpenda. Akamvuta bintiye katikati ya kivuli, Modou akasukumwa ukingoni, wakaendelea kutembea.