Plasta Kwenye Simu ya Dada

Kazi yangu ni kutengeneza simu, na kazi hii humfundisha mtu kutoamini binadamu. Mteja ananiletea simu inayochuruzika maji, namuuliza kama imeingia maji, ananitazama machoni na kusema hata tone. Mwingine kioo kimesagika, anasema aliamka asubuhi akakuta kiko hivyo, labda ni baridi. Siku hizi sibishani nao. Nachukua bisibisi, nafungua, na simu yenyewe inaniambia kilichotokea. Kwa hiyo Dada alipoanza kunificha jambo nilimshtukia mapema, ingawa sikujua anaficha nini.

Dada ndiye anayekaa na Mama, katika mji ulio mbali na kwangu, safari ya kutwa kwa basi. Tumezaliwa wawili tu. Yeye Mama humwita Mkubwa. Mimi ananiita Pilipili, jina nililolipata utotoni kwa sababu ya hasira zangu, na sioni kama nimebadilika sana. Mama miguu haina nguvu tena, na alikuwa ameanza kusahausahau, anauliza saa mara mbili, anatafuta miwani ameivaa. Lakini nilikuwa nikipiga simu anapewa, tunataniana mpaka Dada analalamika kwamba chai inapoa.

Kisha siku moja simu ikakatika katikati ya salamu, na tangu hapo Mama akawa hapatikani. Nikipiga, amelala. Nikipiga tena, yuko bafuni. Mara ana mgeni, mara amemaliza kula sasa hivi, mwache apumzike kidogo. Mtu asiyeweza kuvuka chumba bila kushikwa mkono, lakini kila simu yangu inamkuta hayupo. Nilimwambia Dada kwamba Mama siku hizi ana shughuli nyingi kuliko waziri. Hakucheka. Dada huwa anacheka.

Ilinikaa rohoni. Nilitaka kitu kimoja tu, kusikia Mama akiniita jina langu, na mtu aliyesimama katikati alikuwa dada yangu wa tumbo moja.

Kwetu kuna sheria ya simu aliyoiweka marehemu Baba, kwamba mdogo hakati mbele ya mkubwa. Mkishaagana unasubiri mkubwa akate. Baba alisema kumkatia mkubwa ni kumpa kisogo angali anaongea. Ni sheria ya ajabu, najua, na jirani yangu wa dukani anayeuza makava ya simu hunicheka nayo kila siku, lakini imeniingia kwenye damu. Siwezi kumkatia Dada hata nikiwa nimemkasirikia.

Siku moja tukaagana, nikasubiri, Dada hakukata. Nikasikia kidole kikigonga kioo, tap, tap, tap, akasonya, kisha simu ikawekwa juu ya kitu kigumu. Nikadhani atarudi. Badala yake nikamsikia anaongea na mwanamke fulani, sauti zinatoka mbali kidogo lakini maneno yanasikika.

"Ni yeye," Dada alisema. "Sitaki ajue. Akijua atapanda basi aje kutuvuruga hapa."

Yule mwanamke akauliza, na mama yenu je? Dada akajibu kwamba Mama hana neno, Mama ameridhika.

Nilibaki na simu sikioni na kibano mkononi, mbele yangu simu ya mtu imefunguliwa kama samaki. Ameridhika na nini? Na kwa nini mimi kuja kumwona mama yangu kuitwe kuvuruga?

Simu iliyofuata Dada mwenyewe ndiye aliyeanza kulalamika. Alisema simu yake imeingiwa na wazimu, akianza tu kuongea kioo kinazima, anabonyeza mpaka kidole kinamuuma na hakiwaki, na yeye ana mdogo fundi, basi nimwambie afanye nini. Sikuhitaji hata kuiona. Juu ya kioo, karibu na tundu la kusikilizia, kuna kijicho ambacho sisi mafundi tunakiita sensa. Kazi yake ni kujua kwamba simu iko shavuni. Ukiiweka sikioni, kinazima kioo ili usibonyeze vitu kwa shavu. Ukiiondoa, kioo kinawaka. Kikizibwa na kitu chochote, simu inaamini shavu lako liko palepale. Kioo kinabaki giza, na pa kukatia hupaoni.

Nilipaswa kumwambia aangalie pale juu, atoe kilichoziba. Nikamwambia ni mtandao, utatulia wenyewe. Muuza makava alikuwa amesimama karibu, akanitazama kwa mshangao. Nilipoweka simu chini aliniambia si vizuri. Nikamwambia auze makava yake.

Tangu hapo nikawa nampigia Dada kila siku. Tunasalimiana, ananipa kisingizio cha siku hiyo, tunaagana, anahangaika na kioo, anaiweka simu mezani akijua nitakata. Mimi sikati. Navaa visikilizio na kuendelea na kazi zangu huku naisikiliza nyumba yetu. Nilisikia kijiko kikigonga bakuli. Nilisikia kitambaa kikikamuliwa kwenye beseni, na Dada akisema inua mkono, mwingine, vizuri. Nikajiambia anajifanya mwema kwa sababu ana mgeni. Mgeni hakuwepo, lakini mtu akishaanza kushuku hakosi la kusema.

Halafu nikamsikia Mama.

"Pilipili!"

Sauti yake ilikuwa imara kabisa. Sikufikiri. Nilisema, "Naam, Mama," kwa sauti, pale dukani, mteja akageuka kutazama nyuma yake. Mama hakunisikia, bila shaka. Simu ilikuwa mbali naye. Lakini aliitikiwa.

"Naam, Mama. Nakuja," alisema Dada.

Mama akamuuliza nani alikuwa anapiga. Dada akajibu bila kusita, kama mtu aliyezoea, kwamba ni Mkubwa, anakusalimu. Mama akaguna. Mguno ule naujua, ni wa kumdharau mtu.

Nilifunga duka mapema. Dada amenivua jina langu akalivaa yeye, na mimi amenigeuza Mkubwa wa kuletewa miguno. Nilitafuta sababu nikazipata nyingi, zote mbaya. Siku zote ilijulikana kwamba Mama yuko upande wangu. Dada ndiye aliyefanya kazi, mimi ndiye niliyechekesha, na Mama alipenda kuchekeshwa. Basi sasa kapata nafasi. Mama anasahau, macho si mazuri, ni nani wa kumzuia mtu asijipe mapenzi yasiyo yake? Niliona kabisa jinsi mambo yatakavyokwenda. Nitaingia, nitamshika Mama mkono, nitamwambia Pilipili ni mimi, na Dada atatafuta pa kuficha uso.

Kesho yake alfajiri nikapanda basi bila kumwambia mtu.

Nilifika alasiri, nikazunguka mlango wa nyuma ili nisibishe hodi. Dada alikuwa uani, anaanika mashuka. Amekonda. Nguo aliyovaa niliijua, ilikuwa yangu, gauni la maua nililoliacha miaka hiyo, na damu ikanipanda zaidi. Aliponiona, kibanio cha nguo kilimdondoka. Hakunikumbatia. Alisogea akasimama kati yangu na mlango.

"Usiingie kwanza," alisema.

Nilimwuliza yeye ni nani hata anizuie kumwona mama yangu. Nilimwambia nimesikia yote, na najua analiitikia jina langu. Nilisema mengine pia, ambayo sitayarudia. Alinisikiliza akiwa ameshika shuka lililolowa, maji yanamdondokea miguuni, kisha akaniomba nipunguze sauti. Akaingia jikoni, nikamfuata.

Simu yake ilikuwa kwenye dirisha la jikoni. Juu yake, kutoka pembe hadi pembe, imebandikwa plasta ya kidonda, ile ya rangi ya kahawia, imefunika sensa barabara. Fundi haachi simu ya namna ile ikae. Nikaichukua, nikaibandua kwa kucha. Chini yake kioo kilikuwa kimepasuka. Sasa, simu iliyodondoka kwa kawaida hupasukia pembeni, kwa kuwa pembe ndiyo inayotangulia. Hii ilikuwa imegonga kitu kwa uso wake. Ilirushwa.

"Nani aliirusha?" niliuliza.

"Mama."

Nikamtazama.

"Ile siku ya mwisho niliyompa simu yako," Dada alisema. "Ukamwambia, Mama, ni mimi Pilipili. Akanitazama mimi. Akaitazama simu. Akairusha ukutani. Akasema kuna mwizi ameiba sauti ya mtoto wake. Alitetemeka mpaka jioni. Wewe ulidhani simu imekatika, nami nikakuacha udhani hivyo."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Alinieleza yaliyobaki akiwa anasuuza kikombe kilichokuwa tayari safi. Mama alianza kwa kuniulizia. Kila asubuhi anauliza Pilipili yuko wapi, anaambiwa yuko mbali kikazi, analia kama ndiyo kwanza anaambiwa, na kesho yake tena. Akagoma kula. Halafu asubuhi moja Dada akafungua pazia, Mama akamtazama na kusema, Pilipili, umerudi. Akala chakula chote. Siku ile Dada hakuwa na moyo wa kumrekebisha, na siku iliyofuata alishindwa pia. Akalitoa gauni langu kabatini. Akaanza kumtania Mama kama ninavyomtania mimi. Alisema utani haumtoki vizuri, lakini Mama hucheka.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema aliogopa nitakuja na hasira zangu nimdai Mama anitambue, na Mama atabaki na watu wawili wanaogombea jina, asijue amwamini nani. Mwanamke niliyemsikia alikuwa muuguzi wa zahanati, anayekuja kumpima Mama presha. Hata yeye alimshauri aniambie.

"Na wewe je?" nilisema. "Mkubwa. Hakuulizii?"

Dada aliweka kikombe chini.

"Ananisema," alijibu. "Anasema Mkubwa hana moyo. Amemtupa, hata kuja kumwona hataki. Huwa ananiambia nikiwa namwogesha."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyotaja kwamba sukari imekwisha. Mimi niliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu asijue aweke wapi mikono. Nilikuwa nimesikiliza beseni lile siku zote zile nikatafuta humo mwizi.

Kutoka chumbani Mama aliita. "Pilipili! Nani huyo unaongea naye?"

Dada alinitazama. Hakunizuia tena. Alisogea pembeni ya mlango akaniachia njia.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, nywele zimesukwa vizuri, kucha zimekatwa, chumba kinanukia sabuni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Alinikazia macho muda mrefu, na mimi nikasubiri, kwa sababu bado nilikuwa na tumaini. Nilitaka aseme jina langu hata mara moja. Nilijua nikimwambia kile kichekesho chetu cha mbuzi na mwavuli, pengine angenijua. Kilikuwa kimefika mdomoni.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu katika gauni langu, mikono yake imechubuka kwa sabuni.

"Ni Mkubwa, Mama," nilisema. "Nimekuja."

Uso wa Mama ulipitiwa na mambo mengi. Kisha akanigombeza, na hakunionea haya. Alisema sikujali kama yu hai au amekufa. Alisema mzazi hazai mtoto wa kwanza ili amwone kwenye picha. Niliyapokea yote. Kila neno lilikuwa langu, ingawa yeye hakujua anampa nani. Alipochoka, akanionyesha mahali pa kukaa kitandani, nikakaa, akaushika mkono wangu na kuugeuza kama anayekagua nguo sokoni.

"Unamwona huyu mdogo wako?" alisema, akimwelekezea Dada kidevu. "Huyu ndiye ananiinua. Ananiogesha, ananilisha, usiku nikiita anaamka. Wewe ndiye mkubwa na hujafanya hata moja. Mshukuru."

Niligeuka. Dada alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

"Asante," nilisema.

Mama alisema hajasikia. Akasema nisimame nimwambie mdogo wangu vizuri, kwa sauti, asikie.

Nikasimama, nikamwambia tena.