Usukani Uliopimwa kwa Tepu

Watu wote husema uongo mbele ya tepu. Nimeshona nguo miaka ishirini na sita, na sijakutana na mteja aliyesimama mbele yangu kama alivyo. Wanawake huvuta tumbo ndani, wanaume hutunisha kifua, kisha wote hurudi baada ya wiki kulalamika kwamba fundi kaharibu kitambaa. Dawa yao niliigundua mapema. Kabla sijapima, namuuliza mteja habari za wifi yake. Akishaanza kueleza, tumbo linarudi lenyewe mahali pake, nami naandika namba za kweli.

Kwa mume wangu dawa hiyo haifui dafu. Chumba changu cha kushonea kimepakana na sebule, na habari za mawifi wa watu amezisikia ukutani mpaka amezikinai.

Yeye ni msoma mita za maji. Kila siku anazunguka na pikipiki nyumba hadi nyumba, anafunua kifuniko, anachutama, anasoma, anaandika, anapanda tena. Anajua mbwa yupi ni wa maneno tu na yupi ni wa vitendo. Anajua bibi gani atamtolea kiti na bwana gani atajifanya hayupo. Kazi hiyo anaipenda kuliko anavyonipenda mimi siku nikizidisha chumvi, wala sioni wivu, kwa sababu inamrudisha nyumbani akiwa na maneno ya kunisimulia.

Mwaka huu mgongo ukaanza kumla. Hakuniambia, lakini mimi nina macho. Jioni akifika anazima pikipiki, anashuka, halafu anasimama kwanza, mkono mmoja ukutani, kama anayekagua rangi. Ukuta wenyewe rangi ilishabanduka zamani. Nikimuuliza, yuko sawa. Nikimletea dawa ya kuchua, niipeleke kwa wagonjwa. Mume wangu ni wa kujikaza kisabuni: anajikaza huku anayeyuka.

Ofisini nao wakaona. Mkuu wake, mama mmoja mpole, alimwita akamwambia kuna kiti kitupu dirishani, pale wanapopokea malalamiko ya wateja. Akipenda ni chake, ampe jibu Ijumaa ya wiki inayofuata. Mama wa watu hakuwa na ubaya. Lakini jioni ile mume wangu alikaa na viatu miguuni mpaka chakula kikapoa, na aliponisimulia habari za siku yake alimaliza kwa sentensi mbili. Nikajua akifungiwa kwenye lile dirisha nitabaki na mwili wake tu. Sikutaka, na nasema wazi kwamba niliogopa.

Bisibisi ndiye aliyesema tatizo ni usukani. Huyu ni fundi wa pikipiki, rafiki yake tangu ujana, jina lake la kweli nadhani hata mkewe amelisahau. Alisema usukani uko chini, unamkunja mtu siku nzima, inafaa unyanyuliwe. Akaiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, akamwambia rafiki yake apande na anyooshe mikono ili ampime kwa jicho.

Laiti mngemwona. Kifua mbele, kidevu juu, mgongo umenyooka kama rula. Akasema panatosha hapohapo, aongezwe kidole kimoja tu. Bisibisi naye akamvisha kilemba cha ukoka, eti mgongo huo bado ni wa kijana, akaweka vipande viwili vya chuma chini ya usukani, unene wa kidole kimoja. Kesho yake jioni ukuta ulishikwa vilevile.

Akarudi gereji. Safari hii Bisibisi aliona haya akapandisha mpaka basi. Mume wangu akawa anaendesha kama mtu anayeanika nguo, mgongo ukapumzika kidogo, mabega yakapokea zamu. Isitoshe, waya wa klachi ulibaki uleule mfupi. Akikata kona ya kulia unavutika wenyewe, pikipiki inakosa nguvu. Mara mbili ilimzimikia mbele ya geti la yule mbwa wa vitendo.

Jumamosi akasema basi, imetosha, atachukua kiti. Alisema huku anacheka, na kile kicheko sikukipenda hata kidogo.

Jumapili mchana nilikuwa nashona ukosi wa sare ya shule. Sebuleni televisheni ilikuwa inatangaza mpira. Nilipopita kwenda kunywa maji nikamkuta amekigeuza kiti, amekipanda mbele nyuma, miguu huku na huku, mikono ameilaza juu ya egemeo, viwiko vimekunjika kidogo, macho ameyafumba kama aliyelala. Kumbe ndivyo alivyokuwa akikaa kila Jumapili tangu mgongo uanze. Nilikuwa nikipita tu na ndoo yangu.

Nikasimama. Hapo mbele yangu alikuwa mtu aliyepanda kitu, na mikono yake ilikuwa imejiwekea yenyewe mahali inapotaka. Hakuna aliyemwomba ainyooshe.

Tepu ilikuwa shingoni, kama kawaida. Nikaanza taratibu. Kutoka kwenye kiti hadi kifundo cha mkono. Kutoka nyonga hadi ngumi. Upana wa kiwiko na kiwiko. Mwisho nikapitisha tepu mgongoni, kutoka shingo hadi kiunoni, nikifuata mpindo wake, nikiwa nimebana pumzi. Nikatoka nje nikapima na pikipiki yenyewe, kutoka kiti hadi usukani, kisha nikafungua daftari langu la vipimo, mahali nilipomwandika miaka sita iliyopita nilipomshonea koti. Mgongo wa kwenye daftari na huu niliotoka kuupima haukuwa wa mtu mmoja. Nilimwonea huruma. Nikamkasirikia pia, maana mficha uchi hazai, na mimi si wa kufichwa.

Jumatatu, yeye akiwa ofisini kupanga karatasi za wiki, nilipeleka vipimo gereji. Bisibisi aliisoma karatasi juu chini.

"Shemeji, hapa unataka nikushonee suruali?"

"Nataka unisikilize. Mkono si mfupi. Bega ndilo limekaa vibaya."

Ilibidi nimweleze kama ninavyowaeleza wanaojifunza cherehani. Nguo ikimbana mtu mkononi, fundi mbaya huongeza mkono. Fundi mzuri hutazama bega. Hawa wawili walikuwa wanahangaika na juu na chini, wakati namba zangu zilisema usukani unyanyuke vidole vinne na urudi nyuma viwili, umfuate mwenyewe, si yeye aufuate. Bisibisi alikuna kichwa kwa spana. Kisha akasema, polepole, kwamba kweli hakuwahi kufikiria kuurudisha nyuma.

Jumanne nilimtuma mume wangu huko kwa kisingizio cha waya wa klachi. Bisibisi alifunga vipande vipya, akauzungusha usukani kwenye vishikio vyake mpaka ukarudi nyuma, akatia waya mrefu wa pikipiki kubwa zaidi. Halafu akaiwasha, akakata usukani wote kushoto, wote kulia, ameinamisha sikio, kuhakikisha mngurumo haubadiliki na hakuna waya unaovutwa. Nilikuwa nimemwomba aseme vipimo hivyo amevitoa kwenye kitabu cha kiwandani. Aliapa kwamba yeye hajui kusema uongo, nikamkumbusha habari za mgongo wa kijana.

Jioni ile sikuwasha cherehani. Nilisikia pikipiki inaingia, inazimwa. Nikasubiri ule ukimya wa ukutani. Badala yake mlango ukafunguliwa, akaingia moja kwa moja mpaka jikoni, akaniuliza kuna nini cha kula. Akakaa akanisimulia habari za bwana mmoja aliyepanda maboga juu ya kifuniko cha mita ili isisomwe, alisimulia mpaka sahani zikakauka. Nilimtazama nikafurahi kama msichana.

Jumatano hivyohivyo, Alhamisi hivyohivyo. Ijumaa alimwambia mkuu wake kwamba anashukuru sana, na kile kiti ampe mwenye shida nacho. Nyumbani akajisifu kwamba kumbe wale wa kiwandani walijua tangu mwanzo, ni mafundi wa siku hizi tu wasiosoma vitabu. Nikasema kweli kabisa.

Wiki mbili baadaye mvua zilikaribia, akaniletea kitambaa cha koti la mvua. Alisema lile la zamani linamvuta makwapani kwa mkao huu mpya. Nikamwambia asimame katikati ya chumba. Nilikuwa tayari kwa vita, kifua kile na kidevu kile, na nilishapanga kumpunguzia kwa makisio.

Akasimama amelegea. Mabega yamekwenda mbele, tumbo liko nje kwa amani, mgongo umepinda kama ulivyopinda. Nikadhani anaumwa.

"Leo mbona hujikazi?"

"Kwani ulinipima nikiwa nimejikaza?"

Tepu ikasimama mkononi mwangu. Nikamwambia sijui anazungumzia nini.

"Jumapili ile sikuwa nimelala, mama watoto. Nilisikia tepu inapita mgongoni. Nikataka kujinyoosha." Alikuwa anatazama cherehani, si mimi. "Halafu nikasema, acha, huyu anipime nilivyo."

Nilirudisha tepu begani kwake nikaanza upya, maana namba ya kwanza ilikuwa imenitoka kichwani.