Kiplastiki cha Sikio la Kushoto

Fundi wa kuchomelea mageti aliingizwa kwenye kundi la simu la wazazi wa watoto wasiosikia vizuri asubuhi ya Jumatatu, na kufikia saa tano alikuwa ameshavunja kanuni tatu bila kujua.

Binti yake, wanamwita Kidoti, alikuwa na miaka miwili na nusu. Hata wiki haijaisha tangu apewe vifaa vya kusikia, sikio la kushoto likavimba na kuwa jekundu. Akivalishwa tu kile kiplastiki kinachoingia sikioni, anakichomoa huku analia. Jumapili baba mtu alishindwa kuvumilia. Akachukua msasa laini, akakisugua ukingo. Chuma kinanitii, alijiambia, itakuwa hiki? Tangu hapo kifaa kikawa kinapiga filimbi, na kilio kikazidi.

Hakumwambia mkewe.

Kanuni za kundi zilikuwa zimebandikwa juu kabisa, hakuzisoma. Alimpiga Kidoti picha, sura nzima, akaongeza picha ya kadi ya kliniki, akaandika kwa herufi kubwa kama anavyoandika namba yake ya simu kwenye mageti: MTOTO WANGU ANAUMIA NISAIDIENI HARAKA. Akatuma. Akaogopa ujumbe haujafika, akatuma tena, na tena.

Hazikupita dakika mbili, vyote vikatoweka. Yakabaki maneno: "Ujumbe umefutwa na msimamizi."

"Wamenifukuza," alimwambia mkewe.

"Umewafanya nini?"

"Sijui."

"Watu mia mbili wakufukuze bure tu, Baba Kidoti?"

Simu ikaita. Namba ngeni. Aliitazama tu ikiita, mpaka mkewe akaipokea na kumwekea sikioni.

"Baba Kidoti? Mimi ndiye msimamizi wa kundi. Kwanza, mtoto anaendeleaje?"

Alikuwa amejiandaa kwa karipio.

"Analia, mama."

"Pole sana. Sijaufuta ujumbe wako kwa ubaya. Mwaka jana picha ya mtoto wa mwenzetu ilichukuliwa humu humu. Mama yake akaja kuikuta imebandikwa stendi, watu asiowajua wanaitumia kuomba michango. Ndiyo maana sura na kadi haziingii kwetu. Herufi kubwa nazo ni kama kupiga kelele. Na ukirudia mara tatu, wenzako wenye shida zao wanafunikwa. Andika upya, taratibu. Eleza yote."

Alipokata simu, mkewe bado alikuwa amesimama pale pale.

"Kile cha kushoto nilikipiga msasa," alisema.

"Ulikipiga nini?"

"Msasa."

"Kifaa cha kliniki! Ukakipiga msasa kama bawaba!" Mama Kidoti alifungua mdomo aendelee, kisha akambeba mtoto na kukaa. "Haya, andika. Mbele yangu."

Aliandika kwa kidole kidogo, maana vile vingine vilikuwa na makovu ya moto na kioo cha simu kilivikataa. Aliandika kila kitu, msasa ukiwemo. Waliousoma wakafika kumi, thelathini, sitini. Hakuna aliyejibu. Sasa wananicheka, aliwaza. Sasa wanaambiana huyu si baba.

Ndipo mzazi mmoja akaandika: "Mimi cha mwanangu nilikikwangua kwa kisu. Hiyo filimbi yake usiseme! Usimvalishe tena, kaka. Mpeleke leo kabla hawajafunga."

Mwingine akaongeza: "Na usiwafiche. Watajua tu."

Kliniki, dada mpimaji alikigeuza kiplastiki mara mbili mkononi. "Nani kakichezea?"

"Mimi."

Alikaripiwa kwelikweli. Kisha yule dada akasafisha sikio, akalitazama ndani kwa muda mrefu.

"Nimemharibia?" fundi aliuliza.

"Ngozi ndiyo iliyochubuka. Kipimo cha hiki kiplastiki kilikuwa kibaya tangu mwanzo, mngerudi siku ile ile alipoanza kulia. Ikipona tutapima upya. Njooni baada ya siku kumi, tuone."

Hilo "tuone" lilimnyima usingizi siku zote kumi. Kila asubuhi alimgeuza Kidoti kwenye mwanga wa dirisha na kuchungulia sikio. Mtoto alichoka naye, akawa akimwona tu anakimbilia kwa mama.

Sikio lilipona, wakampima upya. Kiplastiki kipya kilipokuja, Kidoti alikivaa asubuhi, na saa saba mchana kilikuwa bado kimo. Mama Kidoti alipokitoa, fundi aligusa ngozi kwa mgongo wa kidole, akangoja kilio.

Kidoti alimtazama tu, akaendelea kutafuna mkate wake.