Bango Lililokula Jua

Serikali ilipotangaza kwamba sasa jua ni la kila mwananchi, muuguzi wa zahanati alicheka mpaka akashika mbavu. Kwani mpaka jana lilikuwa la nani? Lakini aliposikia kuwa zahanati yake nayo itapewa paneli na friji ya chanjo, kicheko kilimkauka, akaanza kumwomba Mungu.

Alikuwa na sababu. Bila friji, chanjo zilikaa hospitali kubwa, mbali, na mama aliyekosa nauli alibaki nyumbani akijipa moyo. Wifi yake, mke wa kaka yake, aliwahi kujipa moyo hivyo, na surua ikamchukua mtoto wake wa kwanza. Sasa alikuwa na mwingine mgongoni, umri wa sindano umefika, na kila akikutana na muuguzi alimuuliza neno moja tu: "Lini?"

Mafundi walikuja kwa mbwembwe. Kwanza walisimamisha bango, tena si bango la mchezo: refu kuliko zahanati yenyewe, limebeba uso wa waziri anayetabasamu na maneno JUA NI LETU SOTE. Kisha wakafunga paneli juu ya paa, wakaziinamisha zote kuelekea barabarani ili wageni wazione. Na bango lilisimama papo hapo, kati ya barabara na paa. Asubuhi jua likichomoza, waziri alilidaka lote kwa meno yake meupe. Mchana likihamia upande wa pili, liliangukia migongo ya paneli.

"Fundi, huoni kivuli?" muuguzi aliuliza.

"Dada, hata kipofu anakiona. Lakini mwongozo unasema paneli zionekane, na bango lionekane zaidi. Kuhusu jua, mwongozo umenyamaza."

Siku ya uzinduzi waziri alikata utepe, akabonyeza swichi, taa ikawaka, watu wakapiga vigelegele. Nyuma ya choo jenereta ilikuwa ikinguruma, na muziki ulifunguliwa hadi mwisho ili kuifunika. Msafara ulipoondoka, uliondoka na jenereta yake. Friji ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Muuguzi alipiga simu mpaka sikio likawaka moto. Watu wa nishati walisema bango ni la watu wa habari. Watu wa habari walisema friji ni ya watu wa afya. Watu wa afya walimpongeza kwa kupata umeme, wakamwambia chanjo ziko njiani.

Njiani! Zingefika kesho kutwa kwenye masanduku ya barafu, na barafu haijui kusubiri vikao. Hasira ilimpanda hadi utosini. Akamwendea wifi yake.

"Wifi, kaka bado ana ile spana kubwa?"

"Anayo. Ya nini?"

"Ya kumlaza waziri."

Walimlaza kesho yake asubuhi, wao na kina mama wengine, kwa kamba, taratibu, wasije wakamvunja pua. Jua likapanda paani bila kuomba kibali. Adhuhuri haijafika, friji ikaanza kuvuma, na chanjo zilipokuja zilikuta pa kulala.

Siku ya kliniki akatokea afisa wa mpango, kamera shingoni. Alikuta kina mama wamekalia bango uani, watoto mapajani, wifi kakaa sawasawa juu ya tabasamu.

"Nani kaliangusha?"

"Upepo, baba," wifi alijibu.

"Upepo umefungua boliti?"

"Upepo wa siku hizi umesoma."

Afisa hakucheka. "Inukeni. Lazima lisimame leo, nipige picha."

"Likisimama, friji inazima," muuguzi alisema kutoka mlangoni. "Chanjo zote zitaharibika."

"Chanjo si mradi wangu. Mradi wangu ni jua."

Hakuna aliyeinuka. Afisa aliomba, akatisha, akaomba tena. Mwishowe alipanda ngazi akapiga picha hivyo hivyo, kutoka juu, akaenda zake. Gazetini waliandika: Waziri akiwa katikati ya wananchi wake.

"Wifi, njoo," muuguzi aliita. "Leo."

Hapo ndipo wifi alipoinuka. Sindano ilipoingia, mtoto alipiga yowe zahanati nzima ikasikia. Mama yake naye akalia, na muuguzi alijua anamlilia yule wa kwanza, ambaye hakupata hata nafasi ya kuogopa sindano.